Je, Hekima Hurithishwa? Methali, Wasia na Swali la Maisha Mema

Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo fasihi ya Kiswahili imeyashughulikia kwa muda mrefu, swali la namna ya kuishi vyema lina nafasi ya pekee. Methali, tungo za wasia, tenzi za kidini na hata riwaya za karne ya 20 zimemwangalia, kila utanzu kwa njia yake, binadamu anayejaribu kuishi kwa uadilifu katika ulimwengu usiotabirika. Kwa sababu hiyo wahakiki wengi wamezoea kuiita fasihi hii hazina ya hekima. Sitiari hii ya hazina ina mvuto wake, lakini imebeba dhana ambayo aghalabu haihojiwi: kwamba hekima ni mali iliyokwisha kukusanywa na wahenga, kwamba haiozi wala haipungui, na kwamba kazi ya kizazi kipya ni kuipokea tu kama mrithi apokeavyo shamba.

Makala haya yanadhamiria kuihoji dhana hiyo. Je, hekima ya kuishi vyema yaweza kurithishwa kwa maneno? Na ikiwa yaweza, ni kitu gani hasa kinachopita kutoka kwa anayeusia hadi kwa anayeusiwa? Hoja yetu ya kimsingi ni kwamba kanuni zinazotajwa katika tungo hizi nyingi zimechakaa, na baadhi yake ni heri zilivyochakaa. Kinachodumu ni tendo la kupima: kuitazama hali iliyo mbele ya mtu, kuyakumbuka yaliyosemwa na waliotangulia, kisha kuamua. Tendo hilo hurithishwa pale tu masharti mawili yanapotimizwa. Kwanza, anayeusia awe yeye mwenyewe chini ya wasia wake. Pili, anayeusiwa aachiwe nafasi ya kuamua. Tutaijadili hoja hii kwa kurejelea methali, Utenzi wa Mwana Kupona, Al-Inkishafi na riwaya ya Rosa Mistika, kisha tutaonyesha jinsi inavyotuhusu sisi tunaoifundisha fasihi hiyo.

Methali zinapopingana

Tuanze na utanzu ulio mfupi kuliko zote. Mtoto anayekulia miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili huambiwa mapema kwamba haraka haraka haina baraka. Hajakua sana kabla ya kuambiwa, pengine na mtu yule yule, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba akichelewa chelewa atamkuta mwana si wake. Huambiwa kwamba wema hauozi. Kisha siku anapotendewa ubaya na mtu aliyemfadhili, huambiwa kwamba shukrani ya punda ni mateke. Huambiwa kwamba akili ni mali, na pia kwamba akili nyingi huondoa maarifa.

Ukinzani huu umefasiriwa kwa njia mbili. Wapo wanaouona kuwa ithibati kwamba methali hazina falsafa yoyote, kwani mfumo wa fikra unaosema ndiyo na la kwa pamoja hausemi kitu. Wapo wengine wanaoutuliza kwa kudai kwamba kila methali ina muktadha wake, na kwamba muktadha ukijulikana ukinzani hutoweka. Mtazamo huu wa pili una ukweli, lakini unaishia mapema mno. Ikiwa kila methali ina muktadha wake, ni nani anayemwambia msemaji kwamba yumo katika muktadha upi? Methali yenyewe haisemi. Mama ambaye binti yake ameposwa na mtu wasiyemjua vyema ana methali ya kumwambia asubiri na ana methali ya kumwambia asichelewe. Zote mbili ni za kale, zote zina heshima, na zote zimesemwa na wahenga. Kuchagua kati yazo ni kazi ya mama huyo, na akikosea hawezi kuwalaumu wahenga.

Hekima, basi, hatuwezi kuiona katika methali moja moja. Tunaiona katika kujua ni ipi ya kusemwa leo, kwa nani, na kwa sauti gani. Aristotle, aliyeandika kuhusu maadili huko Ugiriki katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwisha kutambua kwamba kijana aweza kuwa hodari wa jiometri lakini akakosa busara ya utendaji, kwa kuwa busara hiyo hushughulika na mambo mahususi ambayo hujulikana kwa tajriba. Waswahili nao husema kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Kauli hizi mbili zilizaliwa mbali na mbali, lakini zinakubaliana kwamba mtu anaweza kuzijua kanuni zote na bado akashindwa kuishi vyema.

Mwanafalsafa Mkenya Henry Odera Oruka (1944–1995), aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliweka tofauti inayotufaa hapa. Katika kitabu chake kuhusu falsafa ya wenye hekima, kilichochapishwa mwaka 1990, aliwagawa wazee wenye hekima katika makundi mawili. Kuna mwenye hekima wa jadi, ambaye anazijua vyema mila na semi za watu wake na aweza kuzieleza kwa ufasaha, lakini havuki mipaka yake. Kuna pia mwenye hekima wa kifalsafa, ambaye anazijua semi hizo hizo lakini huzipima kwa akili yake, akazikubali zinazostahili na kuzikataa zisizostahili. Tunalotaka kulisisitiza ni kwamba wazee hawa wawili wanazijua methali zile zile. Ukiwahoji kwa lengo la kukusanya methali tu, madaftari yako yatalingana. Tofauti yao haiandikiki katika orodha.

Chukua methali isemayo kwamba mnyonge hana haki. Ikitoka kinywani mwa tajiri aliyemnyang'anya jirani shamba, ni kufuli: inamwambia mnyonge anyamaze kwani ndivyo ulimwengu ulivyo. Ikitoka kinywani mwa mnyonge mwenyewe mbele ya baraza la wazee, ni mashtaka: inawauliza wazee kama wanaridhika kuishi katika ulimwengu wa aina hiyo. Maneno ni yale yale matatu. Mhakiki anayeiorodhesha methali hii na kuandika mbele yake kwamba inafunza uvumilivu amekwisha kuchukua upande, ingawa huenda hakukusudia.

Mama na kalamu ya binti

Kutoka kwa methali, ambayo haina mwenyewe, tugeukie wasia wenye jina la mtoaji na jina la mpokeaji. Utenzi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Mtunzi wake, Mwana Kupona binti Msham, alikuwa mgonjwa na mjane. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepinga mamlaka ya Sultani wa Zanzibar, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Utenzi huo aliutunga kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, akamhimiza asogee karibu na wino na karatasi ayaandike atakayoambiwa.

Hakuna haja ya kuyaeleza kirefu yaliyomo, kwani wasomaji wa jarida hili wanayafahamu. Binti anausiwa kushika dini, kuwa na adabu na ulimi mwema, na kuzitafuta radhi za Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Sehemu inayomhusu mume ndiyo iliyozua mjadala mkubwa. Wapo waliousoma utenzi huu kama chombo cha kumfunga mwanamke katika utiifu. Wapo waliouona kama maarifa ya mwanamke mwerevu aliyejua kwamba katika nyumba ya wakati wake mamlaka ya wazi hayakuwa yake, na ambaye kwa hiyo alimfundisha binti mamlaka ya kificho. Wafuasi wa mtazamo huu wa pili hawakosi kutaja kwamba mama anamwambia binti amtunze mume kama mtoto mdogo ambaye bado hajajua kusema. Ni vigumu kuamua kama hapo pana heshima au pana tabasamu.

Mjadala huo hatutaumaliza hapa. Tunataka kutaja jambo jingine ambalo halijadiliwi sana. Katika wasia huo huo, mama anamwonya binti asitangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Msomaji wa leo hawezi kulipita agizo hili kwa utulivu. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na agizo lenyewe halina pa kusimama tena. Lakini halikuwa halali kimaadili hata kabla ya sheria hiyo, kwani mtumwa aliyekuwa akipita uani wakati binti akiandika alikuwa mtu mzima mwenye moyo wake. Ikiwa wasia huu ni hekima isiyofungwa na wakati, tutafanya nini na ubeti huo?

Njia mbili rahisi zinajitokeza, na zote mbili hazitufai. Ya kwanza ni kuuruka ubeti huo, kuchukua uchaji, adabu na ukarimu, na kuwaambia wanafunzi kwamba Mwana Kupona anatufunza mambo ya milele. Huko ni kumdanganya msomaji, kwani tumemchagulia kwa siri yanayotupendeza kisha tukampa jina la mtunzi. Ya pili ni kuutupa utenzi wote kwa sababu ya ubeti mmoja. Huko nako ni kujidanganya, kwani tunajifanya kana kwamba wasia wetu wenyewe, tunaowapa watoto wetu leo, hauna agizo ambalo wajukuu watalionea haya.

Njia ya tatu ni kuuliza ni nini kilichompa mama huyu haki ya kusema. Jibu limo ndani ya utenzi wenyewe. Mwana Kupona haagizi kutoka mbali. Anasimulia alivyoishi na mumewe, kwamba hawakuzozana, na kwamba mumewe aliiaga dunia akiwa radhi naye. Anausia alilokwisha kulifanya. Tunaweza kutolikubali alilolifanya, lakini hatuwezi kusema kwamba alimtwika binti mzigo ambao yeye mwenyewe hakuubeba. Sharti letu la kwanza limetimia. Na la pili? Hapa kalamu ina maana yake. Binti aliyeandika alikuwa na maandishi mkononi baada ya mama kufariki, na maandishi hayo yalimhitaji asome tena akiwa na umri mwingine, katika nyumba ambayo mama hakuiona. Mama aliweza kumpa maneno. Hakuweza kumwambia kila siku ni neno lipi la kulitumia, wala hakujidai kuweza. Shaaban Robert naye, karibu karne moja baadaye, aliwatungia wanawe wasia wa namna hii, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mvulana; na kule kutunga tenzi mbili badala ya moja ni ungamo kwamba wasia hutafuta mtu wake.

Moyo kama msikilizaji

Katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayokadiriwa kutungwa mwanzoni mwa karne ya 19, tunakutana na hali tofauti kabisa. Mtunzi anaitazama Pate, mji uliokuwa na utajiri wa biashara na majumba ya fahari, akiwa anaishuhudia fahari hiyo ikiwa imekwisha. Majumba yaliyokuwa na taa na mapambo sasa yana popo na wadudu. Wenye majumba wamo kaburini. Funzo linaonekana wazi: ulimwengu hupita, na anayeutegemea atapotea nao.

Hata hivyo, mtu aliyetaka tu kulitoa funzo hilo angeweza kuwahutubia watu wa Pate, au watawala wa miji mingine waliokuwa bado wanajivuna. Mtunzi hakufanya hivyo. Anauhutubia moyo wake mwenyewe. Anauuliza, anaukaripia, anaubembeleza, anauonyesha magofu, kisha anarudi kuuliza tena kwa nini hauzinduki. Mwenye kuusia na mwenye kuusiwa ni mtu mmoja, na huyo anayeusiwa ni mkaidi.

Hili lina uzito katika hoja yetu. Sayyid Abdalla alikuwa mwanazuoni. Mafundisho ya dini yake kuhusu kupita kwa dunia aliyajua tangu utotoni. Ikiwa hekima hupokewa kwa kuambiwa, asingehitaji kuutungia moyo wake utenzi. Kuwepo kwa utenzi wenyewe kunatuonyesha kwamba kati ya kujua na kuzinduka kuna umbali, na kwamba umbali huo haufupishwi na elimu peke yake. Mtunzi anajua, na moyo wake bado haujakubali. Ndiyo maana anautembeza magofuni, chumba baada ya chumba, kwa kuwa macho huenda yakafanya kazi ambayo masikio yameshindwa kuifanya.

Msomaji, kwa upande wake, haambiwi lolote moja kwa moja. Anasikiliza mazungumzo ya mtu na moyo wake kama anayesikia sauti kutoka chumba cha pili. Pengine hii ndiyo sababu tungo hii imeendelea kusomwa na watu wasioijua Pate, na hata na wasioshiriki imani ya mtunzi. Haimsongi msomaji kwa kidole. Inamwachia auulize moyo wake ikiwa atataka, na anapouliza, tayari yumo katika tendo la kupima ambalo tumelitaja.

Kanuni bila mwenye kuishika

Ikiwa Al-Inkishafi inatuonyesha wasia unaoanza kwa anayeusia, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1944–2020), iliyochapishwa mwaka 1971, inatuonyesha kinyume chake. Zakaria, baba yake Rosa, ni mtu mwenye kanuni kali kuhusu mabinti zake. Hataki wawe na uhusiano na wavulana. Rosa anapopata barua kutoka kwa kijana, anapigwa vibaya. Baba huyo huyo ni mlevi anayeipuuza familia yake, na nyumba yake inasimama kwa jasho la mkewe, Regina. Rosa, aliyelelewa chini ya marufuku bila maelezo, anapofika mahali ambapo jicho la baba halifiki, hana kitu ndani yake cha kumwongoza. Maisha yake yanaharibika hatua kwa hatua hadi anapojiua.

Riwaya hii iliwahi kuzuiwa katika shule za Tanzania, na wengi wamejadili ujasiri wake wa kuzungumzia mambo ya mwili. Sisi tunapenda kutazama mantiki ya malezi ya Zakaria. Je, kanuni yake ilikuwa mbaya? Jamii nyingi za Afrika Mashariki, na dini zake zote kuu, zingekubali kwamba msichana wa shule ajihifadhi. Ukiiondoa kanuni hiyo kinywani mwa Zakaria ukaiandika ukutani, wazazi wengi wangeitia sahihi. Tatizo halikuwa katika maneno. Kwanza, Zakaria alimwekea binti mpaka katika jambo moja huku yeye mwenyewe akiishi bila mpaka. Pili, alimwekea Rosa ukuta na hakumpa mizani. Ukuta hufaa mahali ulipojengwa tu; mtu akisafiri, hawezi kwenda nao.

Husemwa kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Riwaya hii inaifanya methali hiyo kuwa ngumu zaidi. Rosa alifunzwa, tena kwa fimbo. Kilichokosekana ni mtu wa kumtendea kama anayeweza kufikiri. Masharti yetu mawili yamevunjwa yote katika nyumba moja, na matokeo yake ni maiti ya msichana. Hatudai kwamba Kezilahabi aliandika riwaya yake ili kuthibitisha nadharia ya wasia. Tunadai tu kwamba msomaji anayeifunga riwaya hii na kuandika kwamba funzo lake ni wasichana wawatii wazazi atakuwa amejiunga na Zakaria.

Pingamizi

Msomaji makini atakuwa na pingamizi. Ikiwa kila kitu ni kupima, na kila kanuni yaweza kuhojiwa, je, hatujafungua mlango ambao mwovu naye atapitia? Mla rushwa naye hupima. Naye ana methali zake, kwa mfano kwamba mkono mtupu haulambwi. Vijana wanaolelewa bila kanuni thabiti wanaweza kupotea kwa wepesi ule ule wa waliolelewa na Zakaria.

Pingamizi hili halina budi kujibiwa kwa uzito. Jibu letu linatokana na methali zenyewe. Ukichunguza ukinzani wake utaona kwamba haukutapakaa kila mahali. Methali hupingana kuhusu haraka na subira, kuhusu kuamini na kujihadhari, kuhusu kusema na kunyamaza, kuhusu kujitegemea na kutegemea wengine. Hayo ni mambo ambayo kwa kweli hubadilika kulingana na hali. Lakini ni vigumu kuipata methali inayosifu khiyana, au inayomsifu mtu anayekula mali ya yatima, au anayemcheka kilema. Zipo methali zinazokiri kwamba mambo hayo hutendeka. Zinazoyapendekeza ni shida kuziona. Hata mkono mtupu haulambwi huelezea tabia ya walambaji. Anayeigeuza kuwa ruhusa ya kutoa na kupokea rushwa ameiongezea neno ambalo halimo.

Inaonekana, basi, kwamba kuna misingi michache ambayo tendo la kupima huitegemea, kama vile mizani inavyohitaji mahali pa kuning'inia. Ukimwondolea binadamu mwenzako utu wake, hakuna tena unachokipima. Ndiyo sababu tulisema kuwa agizo la Mwana Kupona kuhusu watumwa halikuwa halali hata wakati wake. Hatukulihukumu kwa kipimo kilichotoka nje. Wasia wake wenyewe unahimiza adabu, upole na moyo mwema kwa watu. Ubeti ule uliwaondoa baadhi ya watu katika idadi ya watu, na kwa kufanya hivyo ulipingana na tenzi uliomo. Kuuhakiki kwa njia hii ni kuuchukulia utenzi kwa uzito zaidi kuliko wanaousifu wote kwa jumla.

Wasia katika darasa la fasihi

Tumesema kwamba suala hili linatuhusu sisi walimu. Katika karatasi ya Insha ya mtihani wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, swali la methali limekuwa la kawaida. Mtahiniwa hupewa methali na kutakiwa atunge kisa kinachoafikiana nayo. Kisa kinachoonyesha kwamba mvumilivu hula mbivu ni lazima kimalizikie kwa mvumilivu kula mbivu. Mtahiniwa anayesimulia habari za mtu aliyevumilia na asile kitu, jambo ambalo kila mtahiniwa ameliona kijijini au mtaani kwao, anahatarisha alama zake kwa kosa la kupotoka.

Hatulaumu mtihani kwa kuwa mtihani. Zoezi hilo linafundisha mpangilio wa visa na ufasaha wa lugha, na hayo ni mambo yenye thamani. Lakini tutazame linavyomzoesha mwanafunzi kuihusisha hekima na uthibitisho. Kwa miaka mingi amefunzwa kwamba methali ikishatajwa, kazi ya akili ni kuitafutia ushahidi. Hajaombwa hata mara moja aeleze ni lini methali hiyo ingekuwa ushauri mbaya. Anapofika chuo kikuu, tunampa istilahi mpya na vitabu vinene zaidi, lakini mara nyingi swali linabaki lile lile: mwandishi anatufunza nini? Naye hujibu kama alivyozoea. Tasnifu nyingi za uzamili humalizikia kwa sura inayoorodhesha mafunzo, kana kwamba riwaya ni nazi ambayo, ikishakunwa na kukamuliwa, hubaki machicha ya kutupwa.

Tunapendekeza mabadiliko madogo ambayo hayahitaji mtaala mpya. Mwanafunzi anayepewa methali aulizwe ni nani aliyewahi kumwambia, wakati gani, na kama ilimfaa. Aulizwe atunge visa viwili, kimoja ambamo methali inaongoza vyema na kingine ambamo inapotosha, kisha aeleze ni dalili zipi ambazo mhusika angeweza kuzitumia kutofautisha hali hizo mbili. Anaposoma utenzi wa wasia, aandike jibu la anayeusiwa. Mwana Hashima angemjibu nini mama yake, baada ya miaka kumi ya ndoa? Swali kama hili haliwezi kujibiwa kwa kukariri, na haliwezi kujibiwa vyema bila kuusoma utenzi kwa makini ya hali ya juu.

Zaidi ya mbinu za kufundishia, sharti la kwanza la wasia linatudai sisi wenyewe. Mwalimu anayewahimiza wanafunzi wake wahoji matini, kisha akakasirika anapohojiwa katika semina, ameingia katika nyumba ya Zakaria kwa mlango wa nyuma. Ametoa kanuni ambayo haimfungi. Wanafunzi hulitambua hilo upesi sana. Wanachojifunza hapo ni kwamba uhakiki ni jambo la kufanyiwa waandishi waliokufa, na kwamba aliye hai na mwenye cheo hupewa heko. Somo hilo watakwenda nalo ofisini, bungeni na nyumbani kwao, na madhara yake kwa maisha ya umma ni makubwa kuliko ya kutokijua kitabu kimoja au viwili.

Hitimisho

Tuliuliza kama hekima hurithishwa. Tumeona kwamba methali humpa msemaji maneno yanayopingana na kumwachia kazi ya kuchagua. Kwamba Mwana Kupona alimwachia binti maandishi yaliyobeba maisha ya mama, pamoja na upofu wa wakati wake. Kwamba Sayyid Abdalla, aliyejua mengi, bado alilazimika kuubembeleza moyo wake. Na kwamba Zakaria, aliyekuwa na kanuni ambayo wengi wangeikubali, alimpoteza mwanawe. Katika mifano yote hii, maneno peke yake hayakutosha. Yalifaa pale yalipotolewa na mtu aliyeyabeba, kwa mtu aliyeachiwa nafasi ya kuyapima.

Kwa hiyo tunaweza kuendelea kuiita fasihi yetu hazina, ili mradi tukumbuke kwamba fedha zilizomo ni za enzi nyingi na si zote zinazopokewa sokoni. Anayerithi hazina ya aina hiyo hana budi kuzishika sarafu moja moja, kuzigonga mezani na kuusikiliza mlio wake. Kazi hiyo ni ya polepole na haina mwisho. Walioitangulia fasihi hii waliifanya kwa ajili yetu katika wakati wao, na hakuna atakayeifanya kwa niaba yetu katika wakati huu.